Nani atashinda Champion Hurdle? Dhana potofu za wabashiri na ukweli wake

Kila ikikaribia Machi, wapenzi wa mbio za farasi Uingereza na Ireland huanza ubishi ule ule: nani atachukua Champion Hurdle? Ni taji kubwa kuliko yote la mbio za viunzi. Hushindaniwa katika uwanja wa Cheltenham, Uingereza, tangu 1927, Blaris alipokuwa bingwa wa kwanza, na siku hizi hukimbiwa Jumanne, siku ya ufunguzi wa tamasha la siku nne. Ubishi wenyewe ni mtamu, ila una kasoro moja. Watu hubishana kuhusu farasi aliye bora, ilhali taji huchukuliwa na farasi aliyefika uwanjani akiwa mzima, akaruka viunzi vyote vinane bila kuanguka, kisha akapanda mwinuko wa mwisho mbele ya wenzake. Mara nyingi farasi hao wawili huwa ni mmoja. Mara nyingine sivyo kabisa.

Dhana: Ni Grand National nyingine, ila ndogo

Tuanze na hili maana ni jepesi. Grand National, inayokimbiwa Aintree, ina karibu kilomita 7 na vizuizi 30. Champion Hurdle ina kama kilomita 3.3 na huisha kwa karibu dakika nne. Kiunzi chake ni fremu ya mbao iliyosukwa kwa vijiti, chenye kimo cha takriban mita moja, na farasi akikigonga hulala. Vizuizi vikubwa vya matawi vya mbio nyingine za kuruka kwa kawaida huanzia mita 1.37 na havisamehi kirahisi.

Msomaji aliyezoea kutazama Wakenya wakikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji asidanganyike na jina. Kule vizuizi ni vya mbao nzito zisizoanguka, na mwanariadha anaweza kukanyaga juu yake. Hapa farasi hupita juu ya kiunzi bila kupunguza mwendo. Anayeruka chini na kwa wepesi hupata hatua kadhaa za bure kila kiunzi, na anayesita kidogo tu huzipoteza. Ukizidisha mara nane, utaona kwa nini farasi mwenye kasi tupu anaweza kushindwa na mwenye kasi ndogo kidogo lakini mrukaji. Ndiyo maana aliyezoea mbio za Ngong pale Nairobi au Meydan kule Dubai, ambako farasi hukimbia bila kuruka chochote, inambidi ajifunze kutazama upya.

Dhana: Farasi bora hushinda, kwa hiyo kazi ni kumjua aliye bora

Muulize aliyeweka pesa mwaka 2025. Constitution Hill, bingwa wa 2023, alikuwa hajawahi kupoteza mbio hata moja ya viunzi. Mwaka 2024 aliukosa mchuano kwa sababu ya ugonjwa, State Man akachukua taji. Sasa walikuwa wanakutana wote, pamoja na jike hatari kutoka Ireland, Brighterdaysahead. Farasi saba tu mstarini. Wachambuzi wengi waliona mbio za watatu, na wengine waliona mbio za mmoja.

Constitution Hill akaanguka kwenye kiunzi cha tano. State Man akashika usukani, akafika kiunzi cha mwisho akiwa mbele kwa nafasi nzuri, taji likinukia kabisa, naye akaanguka. Aliyepita katikati ya vurugu hizo ni Golden Ace, jike aliyefundishwa na Jeremy Scott na kupandwa na Lorcan Williams. Wavumao baharini papa, kumbe wengi wapo.

Wapo waliosema ni ajali isiyojirudia. Si kweli. Mwaka 2019 Buveur d'Air, bingwa wa miaka miwili mfululizo, alianguka kwenye kiunzi cha tatu na kumwangusha Sharjah. Majike mawili yaliyosifiwa sana, Apple's Jade na Laurina, hayakufanya lolote la maana. Espoir d'Allen akashinda akimwacha wa pili kwa umbali wa urefu wa farasi 15. Na kuna wasiofika kabisa. Istabraq alikuwa ameshinda 1998, 1999 na 2000, na mwaka 2001 alikuwa anakwenda kutafuta taji la nne ambalo hakuna farasi aliyewahi kulipata. Ugonjwa wa midomo na kwato uliokumba mifugo ya Uingereza ukasababisha tamasha zima kufutwa. Aliporudi 2002, joki wake Charlie Swan alimtoa mbioni baada ya viunzi viwili tu. Hadi leo wenye mataji matatu wamebaki watano: Hatton's Grace, Sir Ken, Persian War, See You Then na Istabraq.

Kwa hiyo anayebashiri kwa makini huuliza maswali mawili kabla ya lile la ubora. Je, huyu atafika? Na je, anaruka vipi akisukumwa kasi asiyoizoea? La pili halikupewa uzito wa kutosha kwa Constitution Hill. Chini ya mwezi mmoja baada ya Cheltenham alianguka tena, safari hii Aintree.

Dhana: Majike hushinda kwa sababu ya kupunguziwa uzito

Hapa ndipo ubishi huwa mkali, na mimi nakiri kwamba pande zote mbili zina hoja. Kanuni ni hii: farasi wa miaka mitano na zaidi hubeba karibu kilo 74.4, yaani joki pamoja na tandiko na vifaa vyake. Jike hupunguziwa ratili saba, sawa na kilo 3.2. Kipimo cha kukadiria kinachotumiwa sana katika mbio za kuruka ni ratili moja kwa urefu mmoja wa farasi. Ukikifuata kipimo hicho, jike anaanza na faida ya urefu wa farasi saba dhidi ya wapinzani wake. Annie Power alishinda 2016 kwa urefu usiofika tano. Honeysuckle alishinda 2021 kwa urefu wa sita na nusu. Mpiga hesabu atakwambia bila nafuu ile wangekuwa na kazi.

Sawa. Lakini mwaka 2022 Honeysuckle alipotetea taji, aliyemfuata alikuwa Epatante, bingwa wa 2020, naye ni jike mwenye nafuu ile ile. Madume wote wakawa nyuma yao.

Hesabu inayosema zaidi ni hii. Kuanzia 1927 hadi 2015 majike walioshinda walikuwa watatu tu: African Sister mwaka 1939, Dawn Run 1984 na Flakey Dove 1994. Kuanzia 2016 hadi 2025, katika mashindano kumi, majike wamechukua matano. Nafuu ya uzito haikuanza 2016. Dawn Run naye aliipata zama zake. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi jike mzuri ana mbio nyingi za kukimbia. Zamani mmiliki mwenye jike wa damu nzuri alikuwa na haraka ya kumpeleka akazae. Zilipoongezwa mbio za majike zenye zawadi nono, ikiwemo ile ya Cheltenham iliyoanzishwa 2008, ikawa na faida kumwacha mashindanoni miaka miwili mitatu zaidi. Majike wengi zaidi wakawepo, na wale wa ajabu wakapata nafasi ya kuonekana.

Mbio hizo hizo za majike ndizo zilizomvuruga mbashiri mwaka 2025, kwani zilifanyika siku ile ile ya Jumanne. Lossiemouth angeweza kuingia Champion Hurdle ya 2025. Walio naye wakamwelekeza kwenye mbio za majike, akashinda. Golden Ace naye alikuwa na chaguo hilo, wakaamua kumtupa kwa wakubwa. Swali la nani ana nguvu lilikuwa limeshapinduliwa na swali la nani anakimbia wapi.

Kwa haki, tusimsahau aliyekuwa mgongoni mwa Honeysuckle: Rachael Blackmore, mwanamke wa kwanza kushinda Champion Hurdle. Mwezi mmoja baada ya ushindi ule wa 2021, alishinda Grand National pia, akiwa juu ya farasi mwingine.

Dhana: Wa miaka mitano bado mtoto, wa miaka kumi ni mzee

Farasi wa mbio wa kaskazini mwa dunia wote huhesabiwa kuongeza mwaka tarehe 1 Januari, awe amezaliwa lini, hivyo hata neno "miaka mitano" lina ulegevu. Baada ya See You Then kushinda 1985 akiwa na miaka mitano, ilipita zaidi ya miaka ishirini bila farasi wa umri huo kurudia. Wachambuzi wakaifanya sheria. Mwaka 2008 Katchit, farasi mdogo wa umbo hata kwa macho ya mgeni, akaivunja. Espoir d'Allen wa 2019 naye alikuwa na miaka mitano.

Upande wa pili kuna Sea Pigeon, aliyeshinda 1980 akiwa na miaka kumi na kurudia 1981 akiwa na kumi na mmoja, umri ule ule aliokuwa nao Hatton's Grace mwaka 1951. Sea Pigeon ana utamu mwingine: mwaka 1973 alikimbia Derby ya Epsom, mbio za tambarare zisizo na viunzi, akamaliza wa saba. Wapo wanaodai kutokana naye kwamba bingwa wa viunzi lazima awe ametokea kileleni mwa tambarare. Istabraq aliwapinga kimya kimya. Alizalishwa na shamba la Sheikh Hamdan Al Maktoum wa Dubai kwa ajili ya tambarare, akawa wa kawaida huko, akauzwa, na kwenye viunzi akawa mfalme.

Dhana: Aliyepoteza taji halirudishi

Comedy of Errors alishinda 1973, akapoteza 1974 kwa Lanzarote, akalirudisha 1975. Hurricane Fly alifanya hivyo hivyo: 2011, kisha 2013. Wawili tu, ndiyo, lakini wapo.

Hurricane Fly ana funzo kubwa kuliko hilo. Leopardstown, nyumbani Ireland, alishinda Irish Champion Hurdle mara tano mfululizo, 2011 hadi 2015. Cheltenham katika miaka hiyo hiyo mitano alishinda mara mbili tu. Farasi ni yule yule, mkufunzi ni Willie Mullins yule yule. Uwanja ndio tofauti: kona zake, mteremko kabla ya kona ya mwisho, na mwinuko ule unaokamua mapafu. Ninapomwona mtu ananukuu ushindi wa Leopardstown kama risiti ya Cheltenham, humkumbusha jina hilo moja.

Dhana: Mwenye mataji mengi ndiye mkubwa kuliko wote

See You Then alichukua matatu, lakini miguu yake ilikuwa dhaifu na alikimbia mara chache mno kwa mwaka. Night Nurse alichukua mawili, 1976 na 1977, na Timeform, wapimaji wanaoheshimika wa Uingereza, walimpa alama 182, ambayo hakuna farasi wa viunzi aliyewahi kuipita katika vitabu vyao. Bahati yake mbaya ni kuishi zama moja na Monksfield na Sea Pigeon. Watatu hao waligawana miaka sita, 1976 hadi 1981, mataji mawili kila mmoja. Ukiniuliza enzi ambayo ningelipa nauli kwenda kuitazama, ni hiyo.

Dhana: Odi ndogo ni pesa ya uhakika

Waingereza huandika odi kwa sehemu. Constitution Hill mwaka 2025 alikuwa 1/2, ambayo kwenye mkeka wa Nairobi au Dar es Salaam ni 1.50. Odi hiyo ikigeuzwa kuwa uwezekano inatoa kama asilimia 67. Maana yake hata mwenye duka la kubeti, ambaye tayari ameshajiwekea faida yake humo ndani, anakwambia farasi huyu akikimbia mara tatu atashindwa mara moja. Golden Ace alikuwa 25/1, yaani 26.00. Kirriemuir mwaka 1965 na Beech Road 1989 walishinda kwa 50/1.

Hatari huzidi mtu anapounganisha. Jumanne ya tamasha la 2015, Mullins na joki wake Ruby Walsh walikuwa na farasi wanne waliopewa nafasi kubwa, na maelfu ya watu waliwafunga wote katika mkeka mmoja. Douvan akashinda. Un De Sceaux akashinda. Faugheen akachukua Champion Hurdle, huku wa pili na wa tatu wakiwa nao wa zizi la Mullins. Akabaki Annie Power kwenye mbio za majike. Alifika kiunzi cha mwisho akiwa mbele, akaruka mapema mno, akaenda chini. Mikeka ikachanika nchi nzima, na kampuni za kubeti zikaokoa mamilioni ya pauni kwa kiunzi kimoja.

Mwaka uliofuata Faugheen aliumia kabla ya kutetea taji. Annie Power hakuwa hata ameandikishwa kwenye Champion Hurdle, ikabidi walipie ada ya kumwingiza dakika za mwisho, naye akashinda kwa muda wa rekodi. Aliyekuwa ameweka pesa zake kwa Faugheen miezi kadhaa kabla, kwa odi za mapema, hakurudishiwa kitu, kwa sababu katika odi hizo farasi asipokimbia pesa imekwenda. Nafuu ya kurudishiwa dau farasi akiondolewa kwa kawaida hutolewa tamasha likishakaribia, na wakati huo odi huwa zimeshapungua.