Dawa Inayoua Wote

"Bwana Shamba, nipe ile inayoua wote." Kauli hii nimeisikia Bumbwisudi, nimeisikia Cheju, hapa Unguja, na wiki hii nimeisikia tena kwa mzee aliyeniletea jani la tungule (nyanya) lililogeuka rangi ya shaba, akidai kwamba sipamethrini, dawa ya wadudu aliyouziwa, ni bandia kwa sababu ameipiga mara tatu na shamba limezidi kuharibika.

Dawa haikuwa bandia. Nililigeuza jani, na upande wa chini palikuwa na utando mwembamba na vidudu vyekundu vidogo mfano wa chembe za pilipili iliyosagwa. Hao ni utitiri, wenye miguu minane, ambao dawa ya aina hiyo haiwawezi; iliowaweza ni utitiri wengine na vidudu vyenye madoa meusi waliokuwa wakiwala, hata kila bomba alilomwaga likawa linawaondolea maadui zao. Katika joto letu yai la utitiri huwa mzazi kwa muda wa wiki moja hivi, hali walaji wao hurudi polepole. Nimeshalieleza jambo hili hadi sauti ikanikauka.

Wakulima wa mpunga hunijibu kuwa hayo ni ya mboga. La hasha. Mwaka 1986 serikali ya Indonesia ilipiga marufuku aina 57 za viuadudu katika mpunga, baada ya kubainika kwamba upigaji wa dawa uliwamaliza buibui wa mabondeni na kuwapa nafasi vidudu vya kahawia vinavyofyonza mashina.

Nikiwashauri watumie dawa ya mwarobaini, wengine husema haiui. Ni kweli kwamba mdudu hafi papo hapo, lakini huacha kula na hushindwa kujivua gamba, kwa hiyo tazameni matundu mapya kwenye majani, msihesabu mizoga. Twangeni kokwa kavu, gramu 50 kwa lita moja ya maji, zilale usiku mmoja, chujeni kwa kitambaa, kisha pigeni baada ya alasiri, kwani jua kali huiharibu.

Kupiga dawa kila Ijumaa bila ya kukagua shamba ni kutupa fedha. Geuzeni majani 20 kwanza.

Yule mzee nilimshauri ang'oe majani yaliyokauka, ayatoe shambani, na ayaoshe yaliyobaki kwa maji ya nguvu upande wa chini. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na hii nusu chupa iliyobaki, nipige mabiringani?"