Betri ya Sigara ya Kielektroniki: Namna ya Kuichaji, Kuibeba na Kuitupa

Sigara za kielektroniki, ambazo vijana wengi huziita vepu, zimeingia kwa kasi katika miji yetu, na pamoja nazo zimeingia betri za lithiamu ambazo mtumiaji huzitoa na kuzirudisha kwa mkono wake mwenyewe, na mara nyingi huzitia mfukoni bila kasha lolote. Makala hii haihusu nikotini na madhara yake, ambayo wataalamu wa afya wameyaeleza na wanaendelea kuyaeleza, wala haimshauri mtu yeyote aanze kutumia vifaa hivi. Inahusu betri, kwa sababu betri inapolipuka haimchagui mvutaji peke yake: humfikia pia mtoto aliyelala chumba hichohicho, abiria wa kiti cha pili ndani ya daladala, na mzoa taka ambaye hajawahi kuigusa sigara ya aina yoyote.

Vifaa vingi ambavyo betri yake hutolewa na kuchajiwa hutumia seli, yaani betri moja moja, iitwayo 18650, na jina hilo ni vipimo vyake: kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kwa macho inafanana na betri ya redio, na hapo ndipo kosa la kwanza linapoanzia, maana watu huishika kwa uzoefu ule walioupata kwenye betri za redio. Betri ya redio ina volti 1.5, na ikigusana na funguo hupata joto kidogo na kuisha nguvu. Seli ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2, na ikipigwa shoti humwaga makumi ya ampea kwa mkupuo mmoja. Ndani yake kuna tepe mbili ndefu, moja ya shaba iliyopakwa grafiti na nyingine ya alumini iliyopakwa oksidi ya metali, zimeviringishwa pamoja kama mkeka, na kati yake umelazwa utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, vyote vikiwa vimelowa kimiminika kinachoshika moto kwa urahisi.

Utando huo ndio unaotenganisha usalama na mlipuko. Ukitobolewa na mgandamizo, au ukiyeyuka kwa joto, jambo ambalo kwa plastiki nyingi zinazotumika hutokea karibu na nyuzi 130 za Selsiasi, tepe mbili hugusana, joto huzidi, na joto hilo huchochea mmenyuko unaozalisha joto zaidi. Kuanzia hapo seli haihitaji tena chaja wala umeme wa nje. Inajiunguza yenyewe, na oksidi iliyomo ndani hutoa oksijeni inayoulisha moto. Gesi hujaa ndani ya ganda la chuma hadi zitafute pa kutokea. Kifaa chenye matundu ya kutolea hewa huziachia kwa mwale wa moto, lakini bomba lililofungwa pande zote hugeuka mtutu. Nchini Marekani watu wawili wamekufa kwa namna hiyo, mmoja Florida mwaka 2018 na mwingine Texas mwaka 2019, wote kwa majeraha ya vipande vya vifaa vilivyolipuka wakati wa kuvitumia.

Idara ya Zimamoto ya Marekani ilichapisha mwaka 2017 taarifa iliyokusanya matukio 195 ya moto na milipuko ya sigara hizi kati ya mwaka 2009 na 2016. Watu 133 walijeruhiwa, 38 kati yao vibaya. Nikiulizwa na wanafunzi hatari iko wapi, huwaonyesha mgawanyo wa matukio hayo kabla ya kusema neno lolote: 48 yalitokea kifaa kikiwa kwenye chaji, 60 kikiwa kinatumika, na 61 kifaa au betri ya akiba ikiwa mfukoni. Wengi wetu tunaiogopa chaja, na tuna haki ya kuiogopa, lakini mfuko wa suruali umeunguza watu wengi kuliko chaja, na huunguza paja na sehemu za siri, mahali ambapo majeraha huchukua muda mrefu kupona na ambapo watu huona haya kwenda kuonyesha hospitalini.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kunijia katika karakana yetu ya mafunzo akiwa na seli ya akiba ambayo ngozi yake ya plastiki ilikuwa imechanika upande wa juu, mchaniko usiozidi ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Aliiona ni kasoro ya sura tu, na kwa wiki kadhaa alikuwa ameibeba pamoja na funguo za pikipiki. Niliibandua ngozi iliyobaki mbele yake ili aone kile ambacho plastiki ilikuwa inakificha: ganda lote la chuma, kuanzia kitako hadi ukingo wa juu kabisa, ni ncha hasi, na ile kofia ndogo ya katikati ni ncha chanya. Kinachotenga ukingo na kofia ni mpira mwembamba na pete nyeupe ya karatasi, nafasi ambayo jino la ufunguo au sarafu ya shilingi mia inaivuka bila shida. Mwanafunzi yule alinyamaza muda mrefu, kisha akautoa ule mshipi wa funguo mfukoni na kuuweka mezani.

Kwa hiyo seli ya akiba ikae ndani ya kasha lake la plastiki, hata kama ni ya safari ya kutoka nyumbani hadi dukani. Makasha hayo ni ya bei ndogo kuliko seli yenyewe. Ngozi ikichanika, fundi mwenye ujuzi anaweza kuivika seli ngozi mpya inayosinyaa kwa hewa ya moto, mradi ganda liwe zima. Seli iliyobonyea, iliyovimba, inayovuja au inayotoa harufu kali ya tamutamu kama ya rangi ya kucha isitengenezwe. Iondolewe katika matumizi siku hiyohiyo.

Tukija kwenye chaji, chaja sahihi ya seli za lithiamu hupeleka mkondo thabiti hadi seli ikaribie volti 4.2, kisha huupunguza taratibu na kuukata. Chaja isiyojua kukata ndiyo inayounguza nyumba. Kwa seli zinazotolewa, tumia chaja ya pembeni iliyotengenezwa kwa ajili ya seli za lithiamu, na uhakikishe alama za chanya na hasi zinaelekeana ipasavyo. Kwa kifaa chenye betri iliyojengewa ndani, tumia waya wake na chaja ya nguvu iliyotajwa na mtengenezaji, ambayo kwa vifaa vidogo vingi ni volti 5 na ampea 1. Chaja za kisasa za simu zinazojaza kwa kasi hutegemea mazungumzo ya kielektroniki kati ya chaja na kifaa, na vifaa vingi vya bei rahisi haviyajui mazungumzo hayo, ndiyo maana nasema utumie ile iliyotajwa. Seli ya miliampea saa 2,500 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) ikijazwa kwa ampea 1 huchukua takribani saa tatu. Uvuguvugu si tatizo, lakini ikifikia hali ya kukuchoma kiganja, kata umeme kwenye soketi na uisogeze mbali na vitu vinavyoungua, ukiweza kufanya hivyo bila kujiumiza.

Mahali pa kuchajia pawe sakafu ya saruji au vigae, au juu ya sahani ya udongo, pasipo na kitu cha kushika moto karibu. Nasisitiza isiwe kitandani, kwa sababu ndipo watu wanapochajia: soketi iko karibu na mto, umeme umekatika mchana kutwa, na unaporudi saa nne usiku kila kitu huchomekwa kwa pamoja kwenye ekstensheni moja huku watu wakiingia ndani ya chandarua. Chandarua huwaka kwa sekunde chache. Umeme unaporudi baada ya kukatika, mara nyingi huja na msukosuko wa volti unaoweza kuua saketi ya chaja hafifu na kuiacha ikipeleka umeme bila kipimo. Chomoa chaja umeme unapokatika, na usiirudishe mpaka dakika chache zipite baada ya taa kuwaka. Chaji ukiwa macho na ukiwa nyumbani.

Seli iliyokaa miezi bila kutumika hadi ikashuka chini ya volti 2.5 isifufuliwe. Ikizidi kushuka, shaba ya ndani huanza kuyeyukia katika kimiminika chake, na ukiijaza tena, shaba hiyo huganda mahali pasipofaa na kuweza kutengeneza daraja kati ya tepe mbili. Wapo mafundi wa simu wanaozibusti betri za namna hii kwa kuziunganisha na betri nyingine iliyojaa, na simu huwaka kweli, mteja akaondoka amefurahi. Nawaheshimu mafundi wetu, wengi wao wamenifundisha mambo ambayo hayamo vitabuni, ila kwa seli ya vepu nawaomba waache.

Kuna pia tatizo la lebo za uongo. Seli bora kabisa za 18650 zinazouzwa kwa wingi zina uwezo wa takribani miliampea saa 3,500, lakini masokoni zipo zilizoandikwa 5800, 6800, hata 9900. Hakuna seli ya 18650 yenye uwezo huo. Seli halisi ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Ukiiweka kwenye mizani midogo ya jikoni ikasoma gramu 30, umeuziwa ganda lenye seli ndogo ndani, na nyingine zikifunguliwa hukutwa zimejazwa unga. Kundi la pili ni seli zilizotolewa kwenye betri chakavu za kompyuta mpakato na kuvikwa ngozi mpya yenye rangi ya kuvutia. Kwa tochi ndogo zinaweza kufanya kazi miezi mingi, lakini hazikutengenezwa kutoa mkondo mkubwa unaohitajika kugeuza kimiminika cha vepu kuwa mvuke.

Mkondo huo unaweza kuuhesabu mwenyewe: gawanya volti kwa ukinzani wa koili, ule waya unaokipasha moto kimiminika cha vepu. Koili ya omu 0.2 kwenye seli iliyojaa volti 4.2 huvuta ampea 21. Seli nyingi zenye uwezo mkubwa wa kuhifadhi zimeidhinishwa kutoa ampea 10 tu mfululizo, na anayeichagua kwa kuangalia namba kubwa ya kuhifadhi huenda amechagua ile isiyofaa kabisa. Vifaa vyenye saketi ya ulinzi hupima ukinzani na kukataa kuwaka pale mkondo unapozidi. Vile vya kimekanika, ambavyo ni bomba na kitufe bila saketi yoyote, hutoa chochote seli inachoweza kutoa mpaka iharibike, na ushauri wangu kwa asiyejua hesabu hiyo ni kutovigusa.

Kifaa kinachotumia seli mbili kinataka mapacha: zilizonunuliwa siku moja, za aina moja, zinazochajiwa pamoja na kuzeeka pamoja. Ukichanganya mpya na kuukuu, ile dhaifu humalizika kabla ya mwenzake na kusukumwa chini ya kiwango chake salama. Ziandikie herufi kwa kalamu ya wino usiofutika ili zisipoteane.

Joto nalo huzeesha na kuhatarisha. Ndani ya gari lililoegeshwa juani, Dar es Salaam au Mombasa, dashibodi hupata joto kali kuliko kiwango ambacho watengenezaji huruhusu kuhifadhia seli. Kwa wasafiri wa ndege, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilipiga marufuku mwaka 2015 kuweka sigara za kielektroniki katika mizigo inayokabidhiwa. Zibebwe mkononi, zisichajiwe ndani ya ndege, na seli za akiba ziwe katika makasha, kwa kuwa moto ndani ya kabini huonekana na kuzimwa mapema, na ule wa chini kwenye mizigo hauonekani mpaka umekomaa.

Betri ikianza kutoa moshi au mlio wa kufoka, usiinyanyue. Kata umeme, watoe watu chumbani, na usiuvute moshi wake, kwa sababu una gesi zenye sumu, ikiwemo floridi ya hidrojeni. Kwa kifaa kidogo kisichounganishwa na umeme, maji mengi ndiyo msaada bora, kwani hupoza seli; mchanga huzuia cheche lakini huacha joto ndani, na seli iliyozimika inaweza kuwaka tena. Moto ukishika kitu kingine, ondokeni na mpige simu kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kwa Tanzania namba ni 114. Aliyeungua avuliwe nguo zilizolowa kimiminika cha betri, isipokuwa iliyogandamana na ngozi, na jeraha limwagiwe maji safi yanayotiririka, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, asali wala ute wa yai. Akifika hospitalini, mwambieni mhudumu kwamba ni betri ya lithiamu iliyolipuka, ili apime kama kuna mabaki ya kemikali yanayoendelea kula ngozi.

Betri iliyochoka isichomwe pamoja na taka za uani, isitobolewe, na isitupwe kwenye ndoo ya taka, kwani ikipondwa ndani ya gari la taka huwasha shehena nzima. Vepu za kutumia na kutupa zina betri ileile ya lithiamu ndani, japo hazionyeshi, na zinastahili uangalifu uleule. Funika ncha zote mbili kwa utepe wa plastiki, iweke katika chombo kikavu cha glasi au udongo mbali na watoto, na uipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki; wakati wa kuikabidhi, waambie kwa mdomo kwamba ni ya lithiamu.