Mapigo 20 kwa Sekunde: Maswali na Majibu Kuhusu Kupiga Dramu kwa Kasi

Wanaojifunza dramu wakishaona video za mashindano ya kasi, wengi hukimbilia kukaza mikono na kuumia. Nimekusanya hapa maswali wanayouliza mara nyingi. Katika kuyajibu nimeangalia mikono zaidi kuliko muziki, maana mkono ukishaumia, hata muziki haupo.

Mashindano yenyewe yakoje?

Mshindani hupewa vijiti viwili, pedi ya kupigia iliyounganishwa na kifaa cha kuhesabu mapigo, na sekunde 60. Anapiga pigo mojamoja, kulia kushoto, kulia kushoto, bila kupumzika, na mwenye mapigo mengi ndiye mshindi. Upo pia mchuano wa miguu kwa pedali mbili. Mwaka 2005 Mike Mangini wa Marekani alifikisha mapigo 1,203 ya mikono. Mwaka 2013 Tom Grosset wa Kanada akampita kwa mapigo matano tu: 1,208. Ukigawa, ni zaidi ya mapigo 20 kila sekunde, yaani kila mkono mapigo 10.

Mtu wa kawaida anaweza kufika hapo?

Jipime kwanza. Chukua kalamu, piga nukta kwenye karatasi kwa kasi yako yote kwa sekunde 10, huku ukiusogeza mkono kidogo kidogo ili nukta zisirundikane. Kisha zihesabu. Watu wengi wasiopiga dramu hupata kati ya 50 na 70, yaani mapigo 5 hadi 7 kwa sekunde.

Mwaka 2009 watafiti wa Japani walichapisha vipimo vya misuli ya bingwa mmoja wa mashindano haya, wakimlinganisha na wapiga dramu wengine na watu wasiopiga kabisa. Mkono wake mmoja ulifika mapigo 10 kwa sekunde. Kilichonivutia mimi si hiyo namba, ni namna misuli yake ilivyofanya kazi. Kwenye kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, kuna misuli inayoshusha kiganja na misuli inayokiinua. Kwa mtu asiyezoea, makundi haya mawili hukaza kwa wakati mmoja: moja linavuta chini, jingine linavuta juu, na mkono unapigana na wenyewe. Kwa bingwa yule yalipokezana zamu. La kushusha likimaliza kazi linalegea mara moja, ndipo la kuinua linashika. Kasi yake ilitokana na kujua kuachia.

Je, kila mtu anaweza kufika mapigo 10? Sidhani, maumbile nayo yana sehemu yake. Lakini kujifunza kulegea kunawezekana kwa kila mtu, na ndiko kunakolinda mkono.

Basi nianze na vyuma ili nipate nguvu?

Anza na kijiti. Kishike kwa kidole gumba na kidole cha shahada, kama theluthi moja kutoka mwisho wake wa nyuma, vidole vingine vikigusa tu. Kiinue, kiachie kianguke chenyewe kwenye pedi, usikisaidie. Kitadunda mara kadhaa, kila mdundo ukiwa mdogo kuliko uliotangulia, hadi kitulie. Sasa rudia huku umekibana kwa nguvu. Kitadunda mara moja au mbili kisha kife. Ile midundo iliyopotea ni kazi ambayo pedi ingekufanyia bure. Ukikibana, kila mara unakinyanyua kwa misuli yako mwenyewe, na mtikisiko wa kila pigo unapanda hadi kwenye kiwiko.

Kwa mapigo ya taratibu kifundo cha mkono ndicho kinachofanya kazi. Kasi ikizidi, wengi huachia vidole vichukue nafasi: kidole gumba kinatazama juu, na vidole vitatu vya nyuma vinakirudisha kijiti kwenye kiganja kila kinapodunda. Kifundo kinabaki karibu kimetulia.

Nikisikia maumivu, si ndiyo dalili kwamba naendelea?

Hapana! Fikra hii imeharibu mikono mingi. Uchovu wa misuli ya kigasha, ule wa kuwaka moto unaoisha baada ya kupumzika dakika chache, ni wa kawaida. Maumivu makali ya sehemu moja si ya kawaida.

Kama yapo chini ya kidole gumba, upande wa kifundo, na yanazidi ukiinamisha kiganja kuelekea kidole cha mwisho, huenda kano za kidole gumba zimevimba kwa kubana kijiti kupita kiasi. Kama ni upande wa nje wa kiwiko, kano za misuli inayoinua kiganja zimelemewa. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa ile inayokuamsha usiku, huashiria neva iliyobanwa ndani ya kifundo. Hiyo usiisubiri iishe yenyewe: ikiachwa muda mrefu, misuli ya kiganja hupungua nguvu.

Dalili nyingine huonekana kabla ya maumivu. Mwangalie mtu anapofika sekunde ya 40. Mabega yanapanda kuelekea masikioni, meno yamebana, pumzi imesimama, ncha za vidole zimekuwa nyeupe. Hapo ndipo pa kusimama, hata kama saa haijafika 60.

Nifanye mazoezi muda gani?

Vipindi vifupi vya kasi kamili, sekunde 10 hadi 20, kisha pumziko refu kuliko kipindi chenyewe. Tanguliza mapigo ya taratibu kwa dakika kumi hivi mpaka mikono ipate joto. Metronomu, kile kifaa kinachogonga ili kukupa mwendo, iongeze kasi kidogo kidogo, na kasi inayokulazimisha kukaza ishushe siku hiyohiyo.

Masikio nayo?

Yalinde tangu siku ya kwanza. Sauti ya desibeli 85 huvumilika kwa saa 8 kwa siku. Kila ikipanda desibeli 3 muda huo hupungua nusu. Ikifika 100, na seti ya dramu huipita hiyo kwa urahisi, zinabaki dakika 15. Mazoezi ya kasi fanyia kwenye pedi ya mpira, na kwenye ngoma halisi vaa vizibo vya masikio. Usikivu uliopotea kwa kelele haurudi.

Vidole vyangu vinajikunja vyenyewe nikipiga, lakini siumwi. Niongeze mazoezi?

Usiongeze hata dakika moja. Vidole vinavyojikunja au kunyooka bila kutii, na hufanya hivyo ukishika kijiti tu, vinaweza kuwa na shida inayotokana na ubongo unavyoongoza misuli, na kurudiarudia huizidisha. Muone daktari wa mishipa ya fahamu, na nenda na vijiti vyako, kwa sababu bila vijiti mkono wako utaonekana mzima kabisa.