Siku Bila Ajali na Dhana Nyingine Zinazowaponza Wenye Biashara

"Mwaka mzima hatujapata ajali, kwa hiyo tuko salama."

Hii ndiyo inayoponza hata kampuni zinazojitahidi. Sifuri kwenye ubao wa matangazo ina maana mbili: hakuna aliyeumia, au hakuna aliyesema. Toa bonasi kwa idara nzima kila mwezi usio na ajali, uone fundi aliyejikata kidole anavyokifunga kitambaa kimyakimya na kurudi kwenye mashine, maana hataki kuwakosesha wenzake pesa. Ripoti inapendeza, na kinga ya mashine iliyolegea inabaki imelegea.

Hata sifuri ya kweli haipimi kila kitu. Aprili 20, 2010, wakubwa wa kampuni walikuwa wametembelea mtambo wa kuchimba mafuta baharini wa Deepwater Horizon, Ghuba ya Mexico, na miongoni mwa mengine waliupongeza kwa miaka saba bila jeraha la kumlaza mtu nje ya kazi. Usiku huohuo kisima kililipuka, watu 11 wakafa. Kuteleza ngazini ni hatari moja, gesi kupanda kisimani ni nyingine kabisa. Kuidhibiti ya kwanza hakuigusi ya pili.

Mimi ningetazama zaidi taarifa za mambo yaliyokaribia kuwa ajali, kama nyundo iliyodondoka ikamkosa mtu, na muda unaopita kabla aliyetoa taarifa hajajibiwa. Taarifa hizo zikiongezeka ghafla, meneja asiwe mkali. Huenda watu wameanza kumwamini.

"Ajali ni uzembe wa wafanyakazi."

Ni rahisi kuandika "alizembea" na kufunga faili. Machi 23, 2005, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, mnara ulijazwa kupita kiasi, mafuta yakamwagika na kulipuka, watu 15 wakafa. Ukimtafuta mzembe kwenye zamu ile utampata. Lakini wachunguzi walikuta kipimo cha ujazo kilikuwa kinadanganya, na kuna waendeshaji mitambo waliokuwa wamepiga zamu za saa 12 kwa siku 29 au zaidi mfululizo. Waliokufa wote walikuwa watu wa wakandarasi, waliokuwa ndani au jirani na ofisi za muda zilizowekwa karibu mno na mtambo. Mahali pa kuziweka ofisi hizo hapakuchaguliwa na mtu wa zamu.

"Tumegawa kofia ngumu na buti, kazi imekwisha."

Vifaa vya kujikinga ni safu ya mwisho. Kwanza iondoe hatari yenyewe. Ikishindikana, tumia kitu kisicho na madhara makubwa, kisha weka kizuizi, kisha utaratibu wa kazi. Baada ya hapo ndipo kofia.

"Kuwashirikisha wafanyakazi ni fulana na sherehe ya mwisho wa mwaka."

Aprili 23, 2013, nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, Bangladesh. Benki iliyokuwa humo ikafunga. Washonaji wa viwanda vya nguo waliogopa kuingia, lakini kesho yake wakashinikizwa kurudi kazini, wengine kwa kutishiwa kunyimwa mshahara. Jengo likaporomoka asubuhi hiyo na kuua watu 1,134. Habari ilikuwepo, tena kwa watu wa chini kabisa. Kilichokosekana ni haki ya kukataa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 45001 cha mwaka 2018 kinadai mfanyakazi asiye meneja ashauriwe na ashiriki katika usalama, na wala hakizungumzii fulana.

"Afya ni ya mtu na daktari wake, sisi tunashughulika na ajali."

Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba kazi huua watu karibu milioni 3 kwa mwaka. Ajali ni takriban 330,000 kati ya hao. Wengine wote ni maradhi. Shirika hilo na Shirika la Afya Duniani yalionyesha pia kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko mwenye saa 35 hadi 40. Anayesifiwa kwa kutoondoka ofisini naye ahesabiwe kwenye orodha ya hatari.

"Bima italipa."

Italipa matibabu na fidia. Haitamlipia mteja aliyehama wakati kazi imesimama kupisha uchunguzi, wala haitamrudisha fundi pekee aliyeijua ile mashine. Na ikija siku ya kukata bima upya, ada utakayotozwa itapangwa kwa kutazama ajali zilizopita.