“Fundi, Imeniandikia Ina Virusi”

Mteja akiweka kompyuta mezani na kuanza na “fundi, imeniandikia”, najua sentensi itaishia wapi. Imeniandikia ina virusi vitano. Imeniandikia kuna jasusi anasoma nywila zangu. Kompyuta yenyewe imetoka dukani Kariakoo juzi tu. Shemeji yake kishamwambia kwamba za siku hizi zinakuja na virusi kutoka kiwandani, na amejiandaa kulipia kupigiwa Windows upya. Tuelewane kwa hili kwanza, maana ndilo linalonichosha kuliko yote.

Kile kisanduku kinachochomoza chini kulia, chenye nembo ya antivirusi maarufu, alama nyekundu na kitufe cha “Ondoa sasa”, mara nyingi mno hakitoki kwenye Windows wala kwenye antivirusi yoyote. Ni arifa ya kivinjari, yaani tangazo lililovaa sare ya polisi. Lisome kabla hujalibonyeza. Kwa maandishi madogo utaona jina Chrome au Edge, na jirani yake anwani ya tovuti usiyowahi kuisikia. Hiyo tovuti haijakagua kompyuta yako na haina uwezo huo. Inachotaka ni ubonyeze, mwenye tovuti alipwe, au ununue “dawa” ya ugonjwa usiokuwepo.

Imeingiaje? Uliikaribisha. Siku ya Simba na Yanga ulitafuta pa kuangalia mechi bure, ukakuta ukurasa unaosema bonyeza “Ruhusu” kuthibitisha kuwa wewe si roboti. Ukabonyeza. Hapo hukuthibitisha chochote. Uliipa tovuti ile ruhusa ya kukutumia arifa hata ukiwa umeshaufunga ukurasa wake, ilimradi kivinjari kinaendelea kufanya kazi chinichini. Upya wa kompyuta hausaidii kitu hapa. Ukishaifungua asubuhi, mchana unaweza kuwa umeruhusu tovuti kumi.

Kuiondoa hakuhitaji fundi, na nasema hivi nikijua najinyima hela. Kwenye Chrome bonyeza nukta tatu juu kulia, ingia Mipangilio, Faragha na usalama, Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Utakuta orodha ya tovuti ulizoziruhusu. Futa kila usiyoitambua. Edge nayo ina sehemu kama hiyo kwenye mipangilio yake. Mimi huenda mbali zaidi: nazuia tovuti zote zisiweze hata kuomba ruhusa ya kutuma arifa, na sijamwona mteja aliyerudi kudai zimemkosesha jambo la maana.

Kuna la aina hiyohiyo ila lenye makelele: ukurasa unajaa kioo kizima, king'ora kinalia, na namba ya simu ya “Microsoft” inakuamuru upige mara moja. Ujumbe halisi wa hitilafu kutoka Microsoft hauna namba ya simu. Ukiona namba, umeshapata jibu. Shikilia kitufe cha Esc. Ikigoma, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager, chagua kivinjari, kisha “End task”. Ukikifungua tena usikubali kirejeshe kurasa za mwanzo. Ukipiga ile namba watakuelekeza upakue AnyDesk au programu nyingine halali ya kuendesha kompyuta kwa mbali, na hapo utakuwa umewakabidhi mashine kwa mkono wako.

Na kupiga Windows upya? Arifa zitaondoka, sawa, pamoja na picha za send-off ambazo hukuziweka popote pengine. Lakini kama mchawi ni kiendelezi, yaani programu ndogo ya nyongeza uliyoiweka kwenye Chrome, ukiingia tena na akaunti yako ya Google na usawazishaji ukiwa umewashwa, kinarudi chenyewe. Ukague ukurasa wa viendelezi kabla hujamlipa mtu.

Jasusi wa kweli hajitangazi. Ukiwa na wasiwasi wa maana, fungua Windows Security uangalie historia ya ulinzi, kisha chagua ukaguzi wa Microsoft Defender Offline (Defender ndiyo antivirusi ya Windows yenyewe). Kompyuta itajizima na kuwaka, na kujikagua kabla Windows haijapanda. Kazi ya kama robo saa. Ukiwa humohumo angalia palipoandikwa “Exclusions”. Nimeshakuta kompyuta “mpya” ambazo diski C nzima imeorodheshwa pale, maana yake Defender imeambiwa isiangalie popote. Mara nyingi anayefanya hivyo ni yule aliyekuwekea Windows au Office ya kukraki, kwa sababu programu ya kuaktiveti ingekamatwa. Programu inayokutaka uzime ulinzi ndipo ifanye kazi imeshajieleza. Kama kuna mlango wa majasusi kwenye kompyuta za mjini hapa, ni huo, na kiwanda hakihusiki.

“Ni mpya halafu nzito, basi ina virusi.” Siku za mwanzo ni lazima iwe nzito. Inashusha masasisho, inapanga faharasa ya mafaili ili uyatafute haraka, na OneDrive, hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni, inahangaika na akaunti yako. Sasa wewe unaiwasha kwa hotspoti ya simu, bando linakata, unaizima, kesho inaendelea ilipoishia. Inaweza kusota hivyo wiki kadhaa. Itafutie Wi-Fi isiyopimwa kwa MB, chomeka chaja, iache usiku kucha, asubuhi chagua “Restart”. Usichague “Shut down”, kwa kuwa kwenye kompyuta nyingi kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya Windows ili iwake haraka, kwa hiyo haianzi upya kikamilifu.

Ikibaki nzito baada ya hapo, fungua Task Manager usome badala ya kubahatisha. Diski imeganda kwenye asilimia 100, na ni HDD, ile ya zamani inayozunguka? Weka SSD, diski ya kisasa yenye kasi, utadhani umebadilisha mashine. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 4? Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa cha Windows 11. Itawaka, lakini fungua Chrome, Excel na Zoom pamoja uone. Chini ya GB 8 mimi simshauri mtu anunue. Pia zima programu zisizo na lazima kwenye “Startup apps”.

“Lakini ni Core i7!” Hilo ni jina la prosesa, ubongo wa kompyuta. Ya kizazi gani? i7-3520M ni ya kizazi cha tatu, ya mwaka 2012, na i3 ya miaka ya karibuni inaiacha mbali. Windows 11 rasmi inataka Intel za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Uliza namba yote kabla hujatoa hela, muuzaji akisema “i7 bosi wangu” mwombe awashe uione mwenyewe.

“Antivirusi mbili zinalinda zaidi.” Zinagombania mafaili yaleyale na wewe ndiye unayesubiri. Defender imo ndani ya Windows kama antivirusi kamili tangu Windows 8 ya mwaka 2012, na kwa matumizi ya nyumbani inatosha. Toleo la majaribio lililokuja na kompyuta liondoe, Defender itajiwasha.

“Nimeweka programu ya kusafisha na kuongeza kasi.” Iondoe. Microsoft yenyewe haiungi mkono programu za kusafisha rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), na “kuongeza RAM” kwa programu hakupo. Kama tatizo ni nafasi, washa Storage Sense kwenye mipangilio ya Windows, imo tayari na ni bure.