Sefali ni kichwa, jamani, si ubongo

Orodha nyingine ya "mizizi ya maneno ya kitabibu" inazunguka kwenye simu za wanafunzi, na kosa ni lilelile: cephal- ni ubongo. Hapana. Cephal-, ambayo kwa Kiswahili tunaiandika sefal-, imetoka kwenye kephalē, neno la Kigiriki la kichwa. Kichwa chote: ngozi, fuvu, uso na vilivyomo. Ubongo una jina lake, enkephalos, lililopatikana kwa kutanguliza en, yaani "ndani ya".

Mswahili ndiye asiye na kisingizio hapa. Tuna kichwa, tunaongeza -ni, tunapata kichwani. Mgiriki aliweka mwanzoni kile tunachokiweka mwishoni, basi. Enkephalos ni "cha kichwani". Anayechanganya sefal- na ensefal- amechanganya kichwa na kichwani, kosa ambalo hata mtoto wa chekechea halifanyi.

Mnaosema ni herufi mbili tu, tazameni mikrosefali, yaani kichwa kidogo kupita kawaida. Hiyo hupimwa kwa utepe: unapita juu kidogo ya nyusi, unazunguka hadi sehemu ya kisogo iliyojitokeza zaidi, unachukua kipimo kikubwa kuliko vyote, kisha unakilinganisha na chati ya umri na jinsia. Kikiwa chini ya wastani kwa zaidi ya mikengeuko sanifu 2 (kipimo cha jinsi vipimo vya watoto vinavyotawanyika), jina linafaa. Utepe haujauona ubongo. Mara nyingi fuvu ni dogo kwa sababu ubongo haukukua, ndiyo, lakini hilo ni hitimisho la uchunguzi, halimo ndani ya neno. Upande wa pili, makrosefali ni kichwa kikubwa kwa sababu yoyote ile, na megalensefali ni ubongo wenyewe kuwa mkubwa. Mtoto anaweza kuwa na ya kwanza bila ya pili.

Linaloniudhi zaidi ni sefalohematoma. Hematoma ni damu iliyovuja ikakusanyika. Aliyekariri kwamba sefal- ni ubongo husoma "damu kwenye ubongo", na akimwambia hivyo mzazi wa mtoto mchanga, usiku huo hakuna atakayelala. Damu hiyo iko nje ya fuvu, kati ya mfupa na utando unaoufunika. Utando huo umeshikana kabisa na mishono ya fuvu, yaani mistari ambapo mifupa yake hukutana, kwa hiyo uvimbe hukomea kwenye mpaka wa mfupa mmoja. Damu huvuja polepole, ndiyo maana uvimbe huonekana saa kadhaa baada ya kuzaliwa, si papo hapo. Hunyonywa na mwili kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Usiuchome sindano kuitoa damu. Utaingiza vijidudu mahali palipokuwa safi. Kinachofuatiliwa ni macho na ngozi kugeuka manjano, maana damu ile ikivunjwa huzalisha bilirubini, kitu chenye rangi ya manjano.

Jirani yake ni kaput suksedaneum: majimaji chini ya ngozi, yapo tangu mtoto anapotoka, yanavuka mishono, ukibonyeza panabaki shimo, na baada ya siku chache yamekwisha. Kaput ni kichwa kwa Kilatini. Yaani uvimbe miwili tofauti, na majina yote mawili yanasema "kichwa" bila kukuonyesha tabaka. Wa kuogopwa ni wa tatu, damu iliyo chini ya utando mpana wa kichwa: huvuka mishono, huendelea kukua, na mtoto anaweza kupoteza damu hadi kufa. Huo jina lake la kawaida halina hata sefal- ndani.

Ukikata neno, anzia mwisho. Ensefalaitisi: -itisi ni mchochota, kinachobaki ni ensefal-, ubongo. Anensefali ni an- (bila), en-, sefal-. Msikate "ane-", hakuna kitu kama hicho. Na tofauti yake na asefali, bila kichwa, ni kubwa: mtoto mwenye anensefali ana uso na masikio, kilichokosekana ni sehemu kubwa ya ubongo wa mbele na paa la fuvu, kwa kuwa mrija wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, haukufunga upande wa juu katika wiki ya 4 ya mimba. Hata jina hilo linatia chumvi, kwani shina la ubongo mara nyingi lipo.

Sasa nikiri: kanuni yangu inavuja. Hidrosefali kwa maneno ni "maji kichwani", lakini maji yenyewe yamejaa kwenye vyumba vya ndani ya ubongo. Kwa haki jina lingestahili en-. Nayo hidranensefali, inayofanana nayo kwa sikio, ni ugonjwa mwingine, ambapo sehemu kubwa ya ubongo wa mbele haipo na nafasi yake imejaa maji. Hapo ndipo mizizi inakuokoa: hidr- ni maji, an- ni bila, ensefal- ni ubongo.

Mengine haraka. Krani- ni fuvu tu. Hemikrania, "nusu fuvu", ndiyo iliyozaa migreni, kipandauso chetu. Braki- ni fupi na brakio- ni mkono, kwa hiyo brakisefali ni kichwa kifupi, ila shina la brakiosefaliki ni ateri inayopeleka damu mkono wa kulia na upande wa kulia wa kichwa. Sefalosporini si dawa za kichwa: zimepewa jina la kuvu Cephalosporium, ambayo mbegu zake hukusanyika kama kichwa kwenye ncha ya kijiti.

Na mshipa wa sefaliki uko mkononi. Wengi hufundisha kwamba ni kosa la watafsiri wa Ibn Sina, waliolichukua neno la Kiarabu al-qifal wakadhani ni kephalē. Wengine wanajibu kwamba qifal yenyewe Waarabu waliitoa kwa Wagiriki, na mshipa ule uliitwa wa kichwa kwa sababu ulitobolewa kutibu maumivu ya kichwa. Mimi naegemea kwa hawa wa pili, ingawa hadithi ya kwanza ndiyo tamu zaidi kusimulia darasani.