Kwa nini mapanga ya Jumo 004 yalikatika

Wakizungumzia matatizo ya Jumo 004, injini ya jeti ya ndege ya kivita ya Kijerumani Me 262, wengi hukimbilia jibu moja: Wajerumani hawakuwa na nikeli, madini ya kutengenezea chuma kinachostahimili joto kali. Ni kweli, ila haitoshi. Kazi yangu ni mitetemo ya mashine, na kwangu kisa chenyewe kimo kwenye mapanga ya turbini, gurudumu linalozungushwa na gesi ya moto.

Anselm Franz na wenzake wa kampuni ya Junkers, mjini Dessau, waliiwasha mara ya kwanza mwaka 1940. Toleo la A lilitengenezwa bila kubania madini adimu. Toleo la B, la kuzalishwa kwa wingi, likabaniwa: chemba za kuchomea mafuta zilikuwa za chuma cha kawaida kilichopakwa aluminiamu kisiliwe na moto.

Kiangazi cha 1943, mapanga yakaanza kukatika injini ikifika kasi ya juu. Piga hesabu. Chemba zilikuwa 6, na rota, yaani sehemu inayozunguka, ilizunguka mara 9,000 kwa dakika, yaani 150 kwa sekunde. Basi kila panga lilipigwa na gesi ya moto mara 900 kwa sekunde, na mihimili 3 iliyokuwa nyuma ya turbini ikazidisha balaa. Mtetemo wa asili wa panga, yaani kasi ambayo hutetemeka lenyewe likiguswa, ukiangukia hapo, linakuwa kama bembea inayosukumwa kila inaporudi: kila msukumo unaongeza, mpaka chuma kinachoka. Aloi bora, yaani mchanganyiko bora wa metali, ingechelewesha tu.

Ili kujua mtetemo huo, Franz alimwita mwanamuziki! Akayapitishia mapanga upinde wa fidla, akasikiliza mlio wake. Siku hizi tunabandika vihisi, lakini swali ni lilelile. Baada ya hapo mapanga yakapunguzwa urefu milimita 1, yakachongwa yazidi kuwa membamba kuelekea nchani, na kasi ya juu ikashushwa hadi mizunguko 8,700.

Hapo ilikuwa tayari Desemba 1943. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai Hitler ndiye aliyeichelewesha Me 262 kwa kutaka ibebe mabomu. Amri yake ilipotoka Mei 1944, injini za kutosha hazikuwapo, na hata zilizopatikana zilidumu saa 10 hadi 25 tu.